Namna ya kusoma kitabu cha maisha cha Dick Gregory: fuata kicheko mpaka kinapokatika

Watu wengi wanamjua Dick Gregory, mchekeshaji na mwanaharakati mweusi wa Marekani, kwa vile vipande vya video, mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe anaongea mambo mazito na ukumbi mzima unacheka, ila kitabu chake cha 1964 hawajakigusa, na wengine walikianza wakakiacha katikati maana walitegemea kitabu cha vichekesho wakakuta njaa, aibu, jela na msiba. Ndo maana naandika huu mwongozo. Kwangu mimi hiki ni moja ya vitabu bora kabisa vya zile harakati za haki za raia Marekani, kimeandikwa na mtu ambaye bado alikuwa mle ndani anakamatwa na kupigwa, lakini ukikisoma kwa haraka kinakupita hivihivi.

Kama huna muda wa kusoma mwongozo wote shika hili moja: karibu kila sura kuna mtu anacheka. Kazi yako ni kuangalia nani anacheka, anacheka nini, na ni wapi kicheko kinakatika. Penseli mkononi, kila kicheko kikikatika weka alama pembeni. Mengine yote hapa chini ni maelezo ya hilo tu.

Kabla hujafungua

Kwanza kukipata. Jina la kitabu ni lile tusi la herufi N ambalo watu weusi wa Marekani wametukanwa nalo miaka na miaka, neno moja tu juu ya jalada, kwa hiyo ukitafuta kwenye katalogi ya maktaba au mtandaoni tumia jina la mwandishi, ongeza 1964 na jina la Robert Lipsyte, huyu alikuwa mwandishi wa habari za michezo wa New York Times aliyemsaidia kukiandika. Usichanganye na kitabu chake kingine cha maisha, Callus on My Soul, alichoandika na Shelia P. Moses kikatoka 2000. Hicho ni cha mzee anayeangalia alikotoka, ni kizuri pia ila kiwe cha pili.

Kuhusu lile jina lenyewe, mwandishi kakujibu kwenye tabaruku, hata sura ya kwanza hujaifikia. Anamwambia mama yake kwamba popote alipo, akilisikia tena hilo neno ajue wanatangaza kitabu cha mwanae. Wengi wanatabasamu hapo wanageuza ukurasa. Usigeuze haraka. Mama yake, Lucille, alifariki 1953, yaani huo utani anautoa kwa marehemu, mwanamke aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za wazungu na hilo neno likiwa juu yake maisha yake yote. Afu fanya kitu ambacho kwenye vitabu vingine nisingekushauri, nenda ukurasa wa mwisho kabisa, soma, hakuna siri ya kuharibu humo. Utamkuta anaongea na mama huyohuyo, anamwambia hakufa mtumwa bure, na kwamba wao wakimaliza kazi hakutakuwa na mtu wa kuitwa hivyo tena. Ukishasoma hizo sehemu mbili pamoja unajua kitabu kizima kinaongea na nani, na kila mara mama akitajwa katikati utashtuka kidogo.

Kama mnasoma kikundi na mnasoma kwa sauti, kubalianeni mapema mtafanyaje mkifika kwenye hilo neno, maana liko kila mahali. Wengine wanalisoma kama lilivyo kwa sababu mwandishi alitaka liume, wengine wanasema "neno la N". Njia zote mbili zinaheshimika, ila mkiacha kila mtu aamue palepale kuna mtu ataumia.

La pili, kumbuka miaka. Gregory alizaliwa Oktoba 12, 1932 huko St. Louis, Missouri, kwa hiyo kitabu kinatoka hajafikisha hata 33. Hajui kwamba Malcolm X atauawa Februari 1965, hajui kwamba yeye mwenyewe atapigwa risasi ya mguu kwenye vurugu za mtaa wa Watts, Los Angeles, Agosti mwaka huohuo, hajui Martin Luther King atauawa 1968 wala kwamba yeye atagombea urais mwaka huohuo wa 1968. Sheria ya Haki za Raia imesainiwa Julai 2, 1964, wino bado mbichi, ile ya haki ya kupiga kura haijaja mpaka 1965. Kwa hiyo ukikutana na hasira, au na matumaini ambayo leo yanaonekana makubwa mno, usimhukumu kwa kujua kwako yaliyofuata. Ni kijana anaongea katikati ya vita.

Chukua karatasi uandike: 1954 mahakama ya juu kabisa ya Marekani inasema ubaguzi wa shule ni kinyume cha katiba, 1955 kijana wa miaka 14 Emmett Till anauawa Mississippi na mwezi wa Desemba watu wa Montgomery wanasusa mabasi, Februari 1960 wanafunzi wanne weusi wanakaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu tu huko Greensboro, 1961 safari za uhuru, weusi na wazungu wanapanda mabasi pamoja kupinga ubaguzi, 1962 James Meredith anaingia chuo kikuu cha Mississippi chini ya ulinzi wa serikali kuu, na 1963 kila kitu. Iweke ndani ya kitabu. Utaona kwamba wakati mengi ya hayo yanatokea Gregory yuko kwenye riadha, yuko jeshini, anahangaika kutafuta riziki ya kuchekesha Chicago. Harakati zinakuja kumkuta baadaye akiwa tayari na jina, na hilo ni muhimu sana kwa sababu anakuwa na kitu cha kupoteza.

Utotoni: soma taratibu kuliko unavyotaka

Sehemu ya kwanza ndo watu wanaipitia mbio wakitafuta jukwaa na mabango. Mimi nakuambia kaa hapo. Imepewa jina kutokana na msemo wa mama yake kwamba wao si maskini, wameishiwa tu. Ona hapo hapo kazi inayofanywa na maneno: mama hana chakula cha kutosha cha watoto sita, lakini amekataa kuwapa watoto jina la umaskini.

Kinaanza na mkesha wa Krismasi, mtoto anarudi nyumbani baada ya kung'arisha viatu kwenye baa za wazungu. Baba yao, anaitwa Big Pres, ni mtu wa kuja na kuondoka, zaidi kuondoka, na akija anakuja na ahadi na mkono mwepesi. Angalia mama anavyomtetea mbele ya watoto. Inakera, na inatakiwa ikere, maana huyo mtoto anajifunza mapema sana kwamba mtu anaweza kucheka huku ameumia.

Halafu unafika pale anapoeleza utani ulivyoanza. Watoto wa mtaani walikuwa wanamcheka, hana baba, anakula chakula cha msaada, nguo ndo hizo. Akagundua kwamba watacheka tu, afanye nini afanye, kwa hiyo bora utani autoe yeye kabla yao, wacheke pamoja naye badala ya kumcheka yeye. Hapo piga mstari mara mbili. Hiyo ndo elimu yake yote ya ukomedi, aliipata kabla hata hajajua kuna kazi inaitwa hivyo, na utaikuta tena neno kwa neno atakapokuwa mbele ya wazungu wenye hela Chicago miaka mingi baadaye.

Kuna tukio la darasani ambalo limetolewa kwenye kitabu na kusomeshwa shule nyingi za Marekani, pengine ulishalisoma bila kujua limetoka humu. Anampenda binti mmoja darasani, msafi, ana akili, na kwa ajili yake anafua soksi na shati kila usiku. Siku moja mwalimu anapita kuuliza kila mtoto baba yake atachangia kiasi gani kwenye mfuko wa misaada. Gregory ana hela alizopata kwa kung'arisha viatu na kuuza magazeti, anaamua ataahidi kiasi kikubwa kuliko baba wa yule binti. Mwalimu anamruka. Akisimama kudai, mwalimu anamwambia mbele ya darasa kwamba hela hizo zinachangwa kwa ajili yake na watu kama yeye, na kwamba kila mtu anajua hana baba. Anaandika kwamba nyumbani hakufundishwa chuki wala aibu, ilibidi aende shule kuvipata.

Wengi wanaishia hapo, wameumia inatosha. Usiishie hapo! Sura inaendelea. Miaka inapita, yuko kwenye mgahawa, anaingia mlevi mzee asiye na kitu, anakula, anashindwa kulipa, mwenye mgahawa anampiga vibaya. Gregory ana hela mfukoni na anatazama. Baadaye ndo anajitolea kulipa, na yule mzee anamkatalia, anamwambia hela zake hazina maana tena sasa, ameshalipa kwa kipigo. Soma hiyo nusu ya pili ukiwa na nusu ya kwanza kichwani. Angeweza kujiandika kama mtoto aliyeonewa na basi, na kila msomaji angekuwa upande wake, badala yake kajiweka pia kwenye kiti cha mtazamaji, mtu anayeona mwingine anadhalilishwa na ananyamaza kwa sababu leo siyo zamu yake. Ukitaka kujua kwa nini mtu mwenye mkataba mnono wa klabu anapanda ndege kwenda kukamatwa Mississippi, jibu limeanza kwenye ule mgahawa.

Riadha isome kwa kasi yako ila usiiruke. Alianza kukimbia ili apate kuoga maji ya moto shuleni, akaishia kuwa mkimbiaji mkubwa wa shule ya Sumner na baadaye chuo cha Southern Illinois kule Carbondale. Alishinda mbio za maili moja ngazi ya jimbo 1951, afu rekodi haikuandikwa kwa sababu mashindano ya shule za weusi hayakuhesabiwa, na akiwa bado mwanafunzi akajikuta yuko kwenye maandamano ya wanafunzi dhidi ya shule za weusi zilizojazana kupita kiasi. Na Carbondale, chuo kinamshangilia uwanjani lakini sinema ya mjini inataka akae juu na weusi wenzake. Alikwenda kukaa chini.

Vichekesho visome kwa sauti

Hapa ndo pa kubadilisha namna ya kusoma. Kichekesho kwenye karatasi kimekufa nusu, kwa hiyo simama, soma kwa sauti, na tulia sehemu za kutulia. Gregory jukwaani alikuwa mtulivu, suti nzuri, kiti kirefu, sigara, na ile sigara ilikuwa saa yake, anavuta, ukumbi unasubiri, ndo anatoa neno. Ziko rekodi zake za 1961, sikiliza hata dakika chache afu urudi kwenye kitabu, utasikia sauti yake kwenye kila sentensi.

Chukua kile maarufu zaidi cha mgahawa. Anaingia mgahawa wa Kusini mwa Marekani, kwenye ubaguzi mkali, mhudumu mzungu anamwambia hapa hatuhudumii watu weusi. Anajibu sawa tu, mimi pia sili watu weusi, niletee kuku mzima. Kuku anakuja, na mabwana watatu wa kizungu wanakuja nao, wanamwambia chochote utakachomfanya huyo kuku na sisi tutakufanya wewe. Anaweka kisu na uma chini, anamwinua kuku, anambusu.

Sasa jiulize maswali matatu. Nani mjinga kwenye hii hadithi? Siyo mweusi. Nani ana nguvu? Wale watatu, na tishio ni la kweli kabisa, huko watu walikuwa wanauawa kwa kidogo kuliko hicho. Na mzungu aliyekaa mbele na glasi mkononi anacheka nini? Anacheka wazungu wenzake, na hajakemewa hata kidogo. Hiyo ndo hesabu yake, na kitabu kinakuonyesha alivyoipiga akiwa peke yake: aanze kujicheka mwenyewe ili ukumbi ulegee na wasimwonee huruma, maana mtu anayekuonea huruma hawezi kukucheka vizuri, afu awacheke wao, afu wote waicheke hali yenyewe. Alitaka awe mchekeshaji ambaye ni mweusi, asiwe mweusi wa kuchekwa. Kabla yake wasanii weusi kwenye kumbi za wazungu waliruhusiwa kucheza na kuimba, ila kusimama tu na kuongea kama mtu mzima mwenye maoni, hiyo ilikuwa shida kubwa.

Maandalizi yake yasome kama unasoma kitabu cha ufundi. Alijua siku itafika mtu atamtukana lile tusi akiwa jukwaani, na akikasirika ameshindwa, akinyamaza ameshindwa. Akaandaa jibu: kwamba mkataba wake unasema kila akiitwa hivyo mwenye klabu anamwongezea dola 50, kwa hiyo tafadhali simameni wote mlitamke tena. Ukumbi ukaanguka kicheko, yule mtukanaji kabaki peke yake. Rudi sasa kwenye ule mstari ulioupiga mara mbili utotoni, ni kitu kilekile.

Usiku wa Playboy Club ya Chicago, Januari 1961, ni mrefu kidogo na unastahili. Ameitwa kuziba nafasi ya mchekeshaji mwingine, Irwin Corey, baridi kali, mfukoni hana kitu, kachelewa, kakimbia mitaa kadhaa kwa miguu. Akifika anaambiwa ukumbi umejaa wazungu wa Kusini, watu wa biashara ya vyakula vya kugandishwa, pengine aje siku nyingine. Akapanda hivyohivyo. Wakataka aendelee, na aendelee tena, Hugh Hefner mwenye klabu akampa mkataba, gazeti la Time likaandika, na ndani ya mwaka huo akawa jina kubwa nchi nzima. Kipindi cha televisheni cha Jack Paar kilipomwita alikataa mpaka wakubali kwamba baada ya kuchekesha atakaa kwenye kochi aongee na mwenyeji kama wasanii wazungu wanavyofanya, hilo alikuwa akilisimulia sana mpaka uzeeni. Kochi tu, wewe utasema. Lakini anayesimama anachekesha na kuondoka ni mtumishi, anayekaa ni mgeni, na yeye hiyo tofauti aliijua tangu kwenye baa za kung'arisha viatu.

Mississippi: hapa weka penseli chini

Novemba 1962 Medgar Evers, kiongozi wa harakati za weusi Mississippi, anamwalika mjini Jackson kuhutubia mkutano wa kuandikisha wapiga kura. Anakwenda kama mtu maarufu anayekuja kusema mawili matatu na kurudi. Kabla yake anapanda mzee mmoja, miaka 78, ametoka jela kwa ajili ya hizohizo harakati, anasema jela hakuiogopa, hata kufa kwa ajili ya uhuru asingejali, ila yeye na mkewe walikuwa hawajawahi kulala mbalimbali, na alipokuwa ndani mkewe alifariki. Basi, mzee kamaliza.

Kicheko kimekatika hapo, na kwa maoni yangu kitabu kinagawanyika vipande viwili mahali hapo. Soma hayo maneno, funga kitabu, endelea kesho. Sisemi kwa kupamba. Ukiunganisha moja kwa moja na kurasa zinazofuata yule mzee anapotea kwenye msururu wa matukio, wakati Gregory mwenyewe anasema kilichomtoa kwenye usanii kikampeleka barabarani ni kumsikia huyu mzee na kugundua kwamba yeye hajatoa chochote.

Hukohuko anasikia habari za Clyde Kennard, mwanajeshi wa zamani aliyetaka kujiunga na chuo cha wazungu Hattiesburg, akasingiziwa kuhusika na wizi wa chakula cha kuku cha dola 25 na akafungwa miaka saba gereza la Parchman, na saratani inamla mle ndani huku wakimtoa kufanya kazi shambani. Gregory alitumia hela na jina lake mpaka magazeti yakaandika, Kennard akaachiwa mwanzoni mwa 1963, amechelewa, akafa Julai 4 mwaka huo. Angalia mwandishi hatii utani wowote kwenye hii sehemu, na angeweza, wizi wa chakula cha kuku unaomba utani wenyewe.

Ili uelewe yaliyotokea Greenwood, mji wa kaunti ya Leflore hukohuko Mississippi, unahitaji kujua mitambo ilivyofanya kazi. Mississippi mweusi akienda kujiandikisha kura, karani anampa kipengele cha katiba ya jimbo akieleze kwa maandishi, na karani huyohuyo ndo anaamua kama kimeelezwa sawasawa. Mwalimu mweusi anafeli, mzungu asiyejua kusoma vizuri anapita. Jina la aliyejaribu linachapishwa gazetini, kwa hiyo kesho yake bosi anajua, mwenye nyumba anajua. Kaunti ya Leflore ikaenda mbali zaidi, majira ya baridi ya 1962 kuelekea 1963 ikakata chakula cha ziada cha serikali kuu ambacho maelfu ya wakulima wa mashamba ya pamba walikitegemea mpaka msimu uanze. Yaani mnataka kura, kaeni na njaa. Gregory na watu wa Chicago wakakusanya chakula, Februari 1963 akakodi ndege mpaka Memphis na kupakia kwenye malori, uzito wa karibu pauni 14,000. Wapo waliosema anatafuta kiki. Wakati unasoma hiyo safari kumbuka ni yule mtoto aliyekula chakula cha msaada akichekwa, sasa ndo anagawa, na anajua aliyesimama kwenye foleni anajisikiaje.

Aprili akarudi Greenwood kuandamana. Hapo utaona kitu cha ajabu, utani unarudi, ila umebadilika kazi. Anawatania polisi uso kwa uso, barabarani, hakuna jukwaa wala sigara, na wao wanakwepa kumkamata kwa sababu wanajua magazeti yatajaa. Watu wa Greenwood waliozoea kuinamisha macho mbele ya polisi wanamwona mweusi anamjibu polisi na hafi. Andika pembeni: hiki kicheko ni cha nani? Mimi naona ni mara ya kwanza kwenye kitabu anachekesha kwa ajili ya watu wake, mzungu hajaalikwa kucheka.

Mei 1963 Birmingham, Alabama. Alitoka kuandamana na kundi la watoto kanisa la Sixteenth Street Baptist, wakakamatwa wote, na jela akapigwa kipigo ambacho anakielezea kwa utulivu wa kutisha. Lakini picha utakayobaki nayo ni ya mtoto mdogo, anamkadiria miaka minne hivi, anamuuliza umefungwa kwa kosa gani, mtoto anajibu uhuru, ila hilo neno hajaweza hata kulitamka vizuri. Kikundi kikifika hapa usiwaulize watu wamejifunza nini. Uliza kama ilikuwa sawa kuwapeleka watoto mstari wa mbele. Wakati ule watu wa harakati wenyewe walibishana sana juu ya hilo, na kitabu kinakupa vya kutosha kubishana pande zote mbili.

Usimsahau Lillian

Hii ndo sehemu ambayo wasomaji wengi, hasa wanaume, wanaipita. Lillian Smith aliolewa naye 1959 kipindi ambacho klabu aliyoifungua karibu na Chicago inamfia mkononi. Hesabu ni mara ngapi yuko nyumbani peke yake na watoto. Mtoto wao wa kiume, Richard, alifariki akiwa mchanga mwaka 1963, na baba yake alikuwa Jackson na kina Medgar Evers simu ilipokuja. Anaandika maumivu yake bila kujificha, namheshimu kwa hilo. Ila wewe msomaji soma na upande wa pili, rudi kwa Lucille na Big Pres, mwanamke anayelea na mwanaume aliye mbali. Sababu za Gregory kuwa mbali ni tofauti kabisa na za baba yake, hilo halina ubishi, lakini mtoto anayesubiri mlangoni hajui sababu. Kitabu hakilisemi hili waziwazi kwa maneno hayo, vipande viko humo, viunganishe mwenyewe. Na Lillian naye alikuwa mwanaharakati kamili, alikamatwa Selma 1963 akiandamana, kwa hiyo ukimsimulia mtu kitabu hiki usimtaje kama mke aliyebaki nyumbani na basi.

Tahadhari moja ndogo: mazungumzo marefu humo ndani yamepangwa na watu wawili wanaojua kusimulia, mmoja komediani na mwingine mwandishi wa habari. Tarehe na matukio makubwa yalinganishe na vyanzo vingine, maneno yaliyosemwa jikoni 1940 na kitu yachukue kama kumbukumbu.

Ukishamaliza

Kitabu kimefungwa 1964, na watu wengi waliomo humo walikuwa bado hawajapata haki yao, kwa hiyo hatua ya mwisho ni kufuatilia mwenyewe yaliyotokea baadaye. Tenga jioni moja utafute majina. Vijana watatu wa harakati waliopotea Mississippi Juni 1964, Chaney, Goodman na Schwerner, Gregory alitangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayetoa taarifa, miili ikapatikana Agosti. Kanisa lile la Birmingham alilotoka na watoto lililipuliwa Septemba 15, 1963 wakafa wasichana wanne, mmoja wa walipuaji alihukumiwa 1977, wengine wawili 2001 na 2002. Clyde Kennard alisafishwa jina na mahakama 2006, miaka 43 baada ya kufa. Na Medgar Evers, yule aliyemwalika aje Jackson kusema mawili matatu, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Juni 12, 1963, mabaraza mawili ya waamuzi wa kesi, wazungu watupu, yakashindwa kukubaliana juu ya muuaji mwaka 1964, na Byron De La Beckwith akaja kutiwa hatiani Februari 1994. Gregory alikuwa hai bado, alifariki Agosti 19, 2017 akiwa na miaka 84, na hapo sasa ndo pa kuchukua kile kitabu cha 2000.